Tenki Juu ya Kaburi la Esteria

Siku Mtendaji Yotham alipoleta pikipiki kwa sevisi, Lyamba alikuwa anakunywa uji. Aliisikia tangu kule kwenye mteremko, akaujua mlio wake, na uji ukamgomea kooni.

"Fundi Lyamba! Upo?"

"Nipo. Niende wapi?"

"Safisha plagi na chujio la hewa. Tenki nalo lishushe ulioshe, lina uchafu chini. Mchana huu mabwana wa mradi wanakuja kuikagua. Isije ikanikoholea mbele yao."

Akajipangusa vumbi kwenye kaunda suti yake ya kijivu, akavuka barabara kwenda kwa Mama Venerande kunywa chai na maandazi. Habari za nyumbani hakuuliza. Tangu Esteria, mke wa Lyamba, afe, hajauliza hata siku moja.

Pikipiki ile mradi uliitoa kwa ajili ya wagonjwa wa kijiji cha Itogolo, wapelekwe Mpanda mjini. Ndivyo walivyotangaziwa siku ya kuipokea. Ngoma zikapigwa, kuku wakachinjwa, wakubwa wakala mapaja, wananchi wakabaki na mchuzi. Kisha ikaenda kulala uani kwa Mtendaji, kama ng'ombe aliyempata kwa mahari ya binti yake.

Mwezi wa pili mwaka ule wa tisini na sita, Esteria aliumwa na nyoka akipalilia karanga. Lyamba alimbeba mgongoni mpaka kwa Yotham. Yotham alitoka na mswaki mdomoni, akaligonga tenki kwa kifundo cha kidole, ko ko, akatikisa kichwa.

"Kavu, Lyamba. Tafuta baiskeli."

Mkeo yuko mgongoni, jasho lake linakutiririkia shingoni, utafungua kifuniko uhakikishe kwa mkono upi? Lyamba alitafuta baiskeli. Esteria akafia kwenye keria kabla hawajafika Ilembo. Kesho yake, watu wakiwa shimoni na majembe, pikipiki ikapita inaunguruma, gunia la dagaa wa Ikola limefungwa nyuma. Yotham hakusimama. Hakuvua hata kofia. Vumbi lote likawaangukia wachimba kaburi, na harufu ya dagaa ikabaki pale mpaka maiti inashushwa. Ikola si jirani, mtu haendi na kurudi kwa mate. Mafuta yale yalishuka mbinguni? Na huyo ndiye waliyewekewa awatunze.

Lyamba akaweka bakuli chini, akashika spana.

Alifunga koki kwanza, mafuta yasimwagike. Akachomoa mpira unaoshuka kwenye kabureta. Akatoa siti, akafungua bolti moja ya nyuma, akaliinua tenki upande wa nyuma na kulivuta kuelekea kwake, polepole, mpaka likaachia raba zake za mbele. Lilikuwa zito. Mafuta yakahama ndani yake, yakagonga upande huu, yakagonga upande ule.

Miezi yote hii alikuwa ameshayapanga. Mchanga ndani ya tenki. Au mpira uachwe umelegea, mafuta yadondokee kwenye injini ya moto, na Yotham awake kama kibatari huko njiani. Alishayaota hayo mpaka akayachoka. Mtu akiungua peke yake porini atajuaje kilichomuunguza? Lyamba alitaka ajue. Alitaka ajue akiwa mzima, ana macho, ana masikio.

Akalibeba tenki begani. Akapita nyuma ya banda, akakatiza shamba la karanga, akalilaza juu ya kaburi la mke wake, pale chini ya msalaba wa mninga. Akarudi, akakaa kwenye kigoda, akamalizia uji. Sasa ulipita.

Yotham aliporudi alikuta pikipiki imekaa kama kuku aliyenyonyolewa.

"Tenki liko wapi?"

"Limekwenda kumsalimia Esteria."

"Unasema?"

"Liko kaburini. Kalichukue mwenyewe. Njia huijui, maana kwenye mazishi hukuja. Nyoosha hapo kwenye karanga."

"Wewe mzee una wazimu! Nitakuweka ndani!"

"Niweke. Halafu mabwana wako uwapokee na pikipiki isiyo na tumbo."

Watu walishaanza kusogea. Yotham akawageukia vijana waliokuwa wanasubiri pancha zao. "Nyie, kalileteni!" Wakaangalia vidole vya miguu yao. Kitu kilichowekwa juu ya kaburi la mtu, nani atakiondoa wakati aliyekiweka anamwangalia?

"Nenda, Mtendaji," Mama Venerande akasema kutoka ng'ambo, mikono ina unga. "Esteria alikuwa mpole. Hatakuuma. Aliyeumwa ni yeye."

Akaenda. Lyamba nyuma yake, na watu nyuma ya Lyamba. Kwenye kaburi Yotham aliinama haraka alikamate tenki, Lyamba akaweka kiatu juu yake.

"Vua kofia."

Akavua.

"Sasa ligonge. Kama siku ile."

"Lyamba, ndugu yangu, haya mambo..."

"Ligonge!"

Akaligonga. Halikulia ko ko. Lililia zito, kama mtu anayeguna na mdomo umejaa.

"Mwambie linasema nini. Usinitazame mimi, mimi nilishasikia. Mwambie yeye."

Yotham akaugeukia msalaba. "Lina mafuta."

"Na siku ile?"

Kule barabarani mlio wa gari ulianza kusikika, unapanda mteremko. Yotham aligeuza shingo, akaona vumbi la mabwana wa mradi, akapiga magoti palepale kwenye udongo.

"Lilikuwa na mafuta. Nilikuwa na safari yangu ya Ikola. Esteria, lilikuwa na mafuta."

Wanawake wakashika vinywa. Lyamba akaondoa kiatu.

"Lyamba, pole sana kwa..."

"Pole yako rudi nayo. Beba tenki."

Alilibeba mwenyewe, kifuniko kinavujia kaunda suti, mpaka mbele ya Landrova ya wageni. Lyamba alilirudisha mahali pake kwa utaratibu wote: raba, bolti, mpira, siti. Akafungua koki. Pikipiki ilikubali kwa teke la kwanza. Kazi yake hakuiharibu. Hakutaka Yotham apate cha kusingizia.

Mabwana waliikagua, wakaisifu, wakaondoka. Uongozi ni wao kwa wao. Yotham akabaki na cheo chake.

Lakini Jumatatu alipopita na pikipiki, Mama Venerande aligonga sufuria lake kwa mwiko, ko ko. Jirani yake akagonga debe. Mpaka anafika mwisho wa kijiji, kila nyumba inagonga, na watu wanamwitia kutoka milangoni: "Kavu, Mtendaji! Kavu!"

Lyamba hakucheka. Alichukua nyundo, akasimama mlangoni mwa banda, akaanza kugonga bati.