Sikio la Kikosi

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Binti yangu, ambaye ndiye mama yake, alipolazwa, Chiriku alihamia kwangu na begi la shule na simu ya mama yake. Ndani ya simu ile mlikuwa na gemu waliyokuwa wakicheza pamoja. Hakutaka nafasi ya mama yake ikae wazi, akanipa mimi.

"Vidole vyangu ni vya kushonea, si vya kupigania," nikamwambia.

"Hupigani, mke mwenzangu. Unakaa nyuma ya kikosi tu. Una uwezo wa Sikio. Ukiwepo, adui hawezi kutuvamia ghafla."

"Kukaa nakuweza."

Lakini yule bibi wangu wa kwenye kioo cha simu nilimwona hana analofanya. Wenzake wanavuja jasho, yeye yupo yupo tu. Nikamhurumia. Chiriku alipokwenda kuoga, nikamwondolea Sikio, nikampa upanga. Tulipoingia msituni, maadui wakatuzukia nyuma, wakatupiga kabla hatujainua mkono. Kikosi kizima chali.

"Bibi! Umetoa Sikio?"

"Niliona halina kazi."

Mtoto mwingine angenuna. Yeye alicheka hadi akashika mbavu, kisha akanieleza polepole, kama anayemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu. "Sikio halizuii pigo, Bibi. Adui ni yuleyule, nguvu zake zilezile. Ila unajua anakuja, unapata zamu ya kwanza."

"Na kama humuwezi?"

"Hata kama. Kibaya ni kushtukizwa."

Juma lile daktari akatuita, mimi na mwanangu wa kiume, fundi wa friji. Alikuwa mstaarabu yule daktari. Alifunga mlango, akazima simu yake, akatuvutia viti ndipo akasema. Dawa hazikuwa zikifanya kazi tena. Siku za binti yangu zilikuwa zinahesabika.

Kwenye korido mwanangu akaniambia, "Mama, mtoto asiambiwe. Mwache acheke hizi siku zilizobaki."

"Halafu?"

"Halafu atajua."

"Hatajua, baba. Atavamiwa."

Hakunielewa, lakini alinipokea mkoba, akanishika mkono ngazi zote hadi chini, huku machozi yakimtoka. "Basi mwambie wewe," akasema. "Mimi moyo huo sina."

Nilimkuta Chiriku mezani anachonga penseli. Nikakaa karibu naye. Nilitamani kuanza kwa mbali, nikaona nitampoteza njiani. Nikasema, "Mama yako hataweza kupona. Atakufa, na si mbali."

Aliendelea kuchonga hadi ncha ikakatika.

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

"Na mjomba?"

"Anajua."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho."

"Wa mwisho, mama. Lakini mapema."

Alinilalia mapajani, akalia hadi gauni langu likalowa. Sikumwambia anyamaze. Baadaye aliinuka, akanawa uso, akaanza kupekua droo.

"Unatafuta nini?"

"Kikata kucha. Alipopiga kwa simu ya nesi alilalamika kucha zake ndefu, zinanasa kwenye shuka. Nikamwambia atakata akirudi."

Wodi aliyolazwa binti yangu watoto hawaruhusiwi. Nesi wa mlangoni alimtazama Chiriku, akanitazama mimi, kisha akageukia kabati lake na kuanza kukunja shuka zilizokwisha kukunjwa. "Mimi sijaona mtoto," akasema.

Chiriku alipanda kitandani, akauweka mkono wa mama yake juu ya goti lake, akaanza na kidole gumba.

"Usinikate nyama," binti yangu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Tulia basi. Wewe ndiye unayetikisika."

Wakacheka wote wawili, kidogo. Kisha binti yangu akamwangalia sana.

"Bibi amekwambia?"

"Ameniambia."

"Umekasirika?"

"Sana."

"Una haki, mwanangu," akasema, akanyoosha mkono wa pili.