Ruzuku Iliyomkosa Christelle

Christelle alipofariki, mama yake bado alikuwa na maziwa. Hilo ndilo lililomtesa Fortunée kuliko yote. Kila mtoto wa jirani alipolia katika zile fleti za wahamiaji za Vickery Meadow, ughaibuni, kifua chake kililoa, naye akajifungia bafuni ili mumewe Déo asimwone.

Mimba ilipofika mwezi wa saba miguu ilimvimba, kichwa kikamgonga, macho yakaona vimulimuli. Alikwenda hospitali, akarudishwa nyumbani, akaenda tena. Hakukuwa na mkalimani. Aliambiwa anywe maji, apumzike. Safari ya mwisho alipelekwa hajitambui, presha imepanda, mtoto akatolewa kabla ya wakati. Fortunée alipozinduka, Christelle alikuwa amekwisha kata roho.

Majuma yakapita. Lydiah, muuguzi Mkenya waliyesali naye kanisa moja, akamjia na ombi. Kituo cha afya alikofanya kazi kilikuwa kimeomba ruzuku ya serikali. Watoto wachanga wa watu weusi walikuwa wakifa zaidi kuliko wa wazungu, na fedha hizo zingeajiri wanawake wa kuwasindikiza wajawazito na kuwasemea. Wakaguzi wa ombi hilo walikuwa njiani.

"Takwimu wanazo, dada, lakini mama hawajamwona," Lydiah alisema. "Ungeongea nao? Mimi nita-translate."

"Sasa mtoto wangu ndiye atawatafutia makuta, hizo pesa zenu?"

Lydiah akainamisha kichwa. "Pole. Sijui niliseme vipi."

Déo hakutaka kabisa. "Matanga hayaanikwi sokoni," alisema. Lakini Fortunée alimfikiria Bibiche wa ghorofa ya chini, mwenye mimba changa na asiyejua Kiingereza. Akaenda.

Wakaguzi walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Fortunée akasimulia. Alipofika pale pagumu alisema, "Niliwaambia ninakufa, wakanipa maji." Lydiah akatafsiri kwa maneno marefu, laini. Fortunée hakujua Kiingereza kingi, lakini neno la kufa alilijua, na la maji alilijua. Hakuyasikia.

"Haukusema vile nimesema."

"Dada, tusiwaudhi," Lydiah alinong'ona. "Pesa ziko mikononi mwao."

Fortunée akasimama, akawageukia mwenyewe. "I say, I die. They say, water. My baby die." Kisha akaketi. Mkaguzi mmoja alivua miwani, asiivae tena mpaka mwisho wa kikao.

Ruzuku ilitoka Bibiche akikaribia kujifungua, na Fortunée akaajiriwa kuwasindikiza wajawazito. Asubuhi moja Bibiche akamgongea mlango. "Mama, kichwa inaniuma. Macho inaona giza."

Hospitalini waliambiwa warudi nyumbani. Bibiche akainuka kutii. Fortunée akamvuta mkono, akamketisha.

"Hatuendi."

Wauguzi walimwita meneja, wakatishia kumwita mlinzi. Fortunée hakubanduka. Mwishowe daktari alikuja kumpima Bibiche presha, uso ukambadilika, akaanza kuita watu mbio. Jua lilikuwa bado halijatua mtoto wa kiume alipolia.

Wote wawili walikuwa wazima. Bibiche, mnyonge kitandani, akasema, "Mushike, mama." Fortunée akampokea. Furaha ilimjia, kweli ilimjia, na nyuma yake hasira: kumbe iliwezekana. Kumbe ilihitaji mtu mmoja tu wa kukaa kitini na kukataa kuondoka. Akamrudisha mtoto upesi, akasema anakwenda kupiga simu.

Alimpigia Déo akiwa kituo cha basi.

"Mtoto?" Déo aliuliza.

"Mzima. Na mama yake mzima."

"Mungu asifiwe. Na weye?"

Basi likaja, likafungua mlango. Dereva alimngoja. Fortunée akampungia mkono aende zake, akabaki pale na simu sikioni, akilia, na upande wa pili Déo naye akilia, hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.