Sahani ya Senene

Tangu asubuhi Nuriat ananyonyoa senene, wale panzi wa msimu. Mbawa huku, miguu kule, vidole vinanata mafuta, mgongo unawaka moto, na mimba ya miezi minane imemkalia mapajani kama ndoo ya maji. Amechoka jamani, amechoka hadi kuitikia salamu ni kazi.

Juzi nesi wa kliniki pale Nshamba alimwambia, "Mama, damu yako imepungua, iko saba. Kula nyama, mayai, hata hawa senene. Ukienda kujifungua hivi unaweza usirudi." Nyama ya kutoka wapi? Senene ndio waliopo, ndoo nzima.

"Mustapha," alimwambia mumewe, "leo na mimi nitakula."

Mustapha hakuinua macho kwenye simu. Alikuwa anamsikiliza yule mtaalamu wake wa ndoa, sijui alisomea wapi, anayesema sayansi imethibitisha kwamba mwanamume ni mwindaji na mwanamke ni wa kulea. Mwindaji gani! Senene hao Nuriat ndiye aliyewaokota kwenye majani alfajiri, na tumbo lile, bwana mwindaji akikoroma.

"Huko Bukoba mjini wanawake wanakula siku hizi, najua," Mustapha alisema. "Hapa kwangu hapana. Mtoto atazaliwa kichwa kimechongoka kama cha senene. Kamuulize mama."

Mama yake, Bi Mariamu, alikuwa jikoni anakaanga. Nuriat hakuwa na nguvu ya kubishana na watu wawili. Machozi yakamtoka, akaendelea kunyonyoa. Alikuwa anaogopa kufa, basi.

Mama mkwe akatoka na sahani ya moto. Desturi senene ni wa wanaume tu. Akampita mwanawe, akaiweka mbele ya Nuriat.

"Kula, waitu, kula mwanangu."

"Mama!" Mustapha akaruka. "Na mtoto je?"

"Mimba yako niliibeba msimu wa senene. Nilikula kila siku hapo hapo jikoni, jicho mlangoni baba yako asinione. Hebu jipapase kichwa."

Na Mustapha, masikini, akajipapasa kweli.

Nuriat alikuwa ameshaanza kula, kwa mikono miwili.

Bi Mariamu akaketi mkekani kando yake, akiguna kwa magoti. "Miaka arobaini nakula kwa kujificha," alisema. "Nimechoka. Nenda jikoni, Mustapha, uniletee na mimi wangu."