Ndege wa Uani kwa Umuhoza

Asubuhi Umuhoza alikuwa akichambua maharagwe uani kwake, mtaa wa Mapendo, ndege mmoja alipotua juu ya ukuta wa mawe meusi. Alikuwa mkubwa kama jogoo. Umuhoza hakumtambua, akamwita jirani yake, Mama Daniella, aliyekulia karibu na msitu huko Beni na kuwajua ndege wengi.

Mama Daniella alianza na mdomo. "Si mwewe, mudomo haikupindama. Si kunguru, kifua ni ya kijivu." Akasogea kutazama miguu. "Mguu ya kushoto inakosa kidole."

"Kidole gani?"

"Ya mwisho."

Umuhoza aliweka ungo chini. Mumewe, Ntirenganya, alikatwa kidole hicho na jembe. Mwaka uliopita alikwenda Kalengera kununua viazi, hakurudi. Achille, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa barabara yao, alimwambia Umuhoza kwamba mumewe amehamia Uganda na mwanamke mwingine, akamkataza kuuliza tena.

"Juu ya jicho ya kuume iko kovu?" Umuhoza aliuliza.

"Iko."

"Basi ni bwana yangu. Karibu, papa."

Ndege alishuka. Kwenye mabawa yote mawili manyoya yalikuwa yamekatika katika mstari mmoja, na ngozi ilikuwa na alama ya kamba. Mama Daniella alipapasa hapo. "Walimufunga mikono nyuma," alisema.

Lango likagongwa. Achille aliingia kukumbusha salongo, kazi ya kufagia barabara Jumamosi. Ndege akamgeukia, akamkazia macho.

"Hii ni ndege gani?"

"Hatujue, shefu." Umuhoza aliokota ungo wake.

Achille alitazama mguu, kovu, kisha mabawa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sikumufunga," alisema. "Nilitaja tu jina yake kwa wale walimukamata."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Aliomba maji, akanywa, akasema asiyekuja Jumamosi atamjua yeye ni nani, akatoka.

Mama Daniella alifunga lango. "Tumulilie?"

"Tumulilie. Lakini pandisha sauti ya redio kwanza."

Jumamosi Umuhoza alifagia barabara pamoja na wengine. Achille alipita kati yao akionyesha kwa fimbo taka zilizobaki. "Bonjour, shefu," wanawake walimwamkia mmoja mmoja. Zamu ya Umuhoza ilipofika, naye alimwamkia.