Safu ya Rakuni

Katika bonde moja la Kentucky, Marekani, kila mwenye shamba la mahindi huacha safu moja ya ukingoni, upande wa kijito, iwe ya rakuni, wale wanyama wadogo wa usiku wenye weusi machoni kama barakoa. Haivunwi wala hailindwi. Mahindi yakishaingia maziwa, majirani hutembeleana kuona safu ya nani imeliwa vizuri, na hiyo ni heshima.

Mwaka huo safu ya Orville Stamper ilisimama nzima, kama askari kwenye gwaride. Akavuka kijito hadi kwa Virgil Combs. Kule mabua yalikuwa yamelazwa chini, magunzi yametapakaa, na topeni kulijaa nyayo kama viganja vya watoto.

"Naona siku hizi unamwaga chakula cha mbwa kuwavuta," Orville alisema.

"Cha mbwa? Mbwa wangu mwenyewe anashindia mkate wa mahindi." Virgil alicheka. "Pearl kaja mwenyewe, bwana. Na watoto wanne."

Wanne! Pearl, jike la sikio lililochanika, alizaa miaka sita kwenye pango la mti wa mwaloni wa Orville, na hakupata kuzidisha watatu. Jina hilo alipewa na marehemu mkewe Orville.

"Jana nimewaona kijitoni," Virgil aliendelea, akiongeza chumvi kwenye kidonda. "Anawafundisha kupapasa kamba wa mtoni chini ya mawe. Macho yako juu, kama anasali. Mikono ndiyo inayoona."

"Na dume?"

"Dume la rakuni? Harusi ikiisha, na yeye kaisha."

Geneva, mkewe Virgil, alikuwa barazani akimenya maharage mabichi. "Orville, mwezi wa tano ulipanda ngazi mara ngapi kumchungulia?"

"Mara moja moja tu."

"Kila siku, ukishakunywa kahawa. Nilikuwa nakuona. Mama rakuni hapendi kuchunguliwa. Aliwabeba kwa meno, mmoja mmoja, akahamia mwaloni wetu. Umemfukuza mwenyewe, halafu unakuja kutununia sisi."

Orville aliondoka bila kuaga. Usiku ule wivu ulimgeuza kitandani kama chapati.

Asubuhi alirudi na ngazi begani. "Virgil, si ungependa kuwaona kwa karibu? Nakuazima."

Virgil alikwisha kunyoosha mikono Geneva alipotoka.

"Mzee wewe, una hila. Unataka tumkere ili arudi kwako." Alielekeza kidole kwenye barabara iliyokata kati ya kijito na mwaloni wa Orville. "Safari hii atavuka pale na watoto wanne nyuma yake. Mwaka jana malori yaliua wangapi?"

Ndani ya mwaloni watoto walikuwa wakigombania nafasi kwa sauti nyembamba, na mama akawanyamazisha kwa mguno.

Orville alipandisha ngazi begani. "Naihitaji mwenyewe; paa langu linavuja," alisema, akaenda zake.

Saa sita mchana alionekana tena, na gunia. Alikuwa amevunja mahindi ya safu yake yote. Aliyapanga chini ya mwaloni wa Virgil, moja moja, maganda yakiwa yamefunuliwa kidogo.

"Sasa hayo ya nini?" Virgil aliuliza. "Kwangu amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ila akianza na haya ya safu yangu," Orville alisema, akikung'uta gunia, "utakuja kuniambia. Na usinifiche."