Kosa Jipya

Hakimu alipomaliza kusoma, Hazim aliweka sawa kilemba chake, akawapa mkono maaskari waliosimama mlangoni, akatoka kama mtu anayetoka kuswali. Alipopita karibu na benchi la wanawake hakugeuza shingo. Hakuwa na haja. Shurooq alikuwa ameinama akitazama viatu vyake, na ile hofu aliyokwisha kuizoea ikampanda tena kifuani, ikakaa mahali pake pa siku zote.

Kesi ilikuwa imefutwa, ingawa hakimu aliwasadiki mashahidi wote na alisema hivyo waziwazi.

Hazim alikuwa rafiki wa Anas, kaka yake Shurooq, tangu siku zao za chuo. Alimposa Shurooq, posa ikarudishwa kwa heshima, na kila mtu akadhani mambo yameishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza yalianza. Gari lake likawa nyuma ya gari la Shurooq barabara zote za mji wao wa Ibra, likikata kona anapokata. Simu zikawa zinalia na mpigaji hasemi kitu. Kisha siku moja alikuja kwenye kituo cha macho alikofanya kazi Shurooq, akakata tiketi kama mgonjwa, akaingia katika chumba cha giza ambamo Shurooq hupima macho, akaegemeza kidevu chake kwenye mashine na kusema kwa upole, "Nitazame vizuri. Ndani kabisa."

Mahakama ikatoa amri ya kumzuia asimkaribie. Akaivunja. Alirudi kituoni, akasimama mbele ya nyumba yao mchana kweupe, majirani wakimwona. Kwa kuvunja amri akafungwa kifungo kifupi, akatoka uso umenawiri. Hapo mwendesha mashtaka akamfungulia shitaka kubwa zaidi, la kumwandama mtu, na ushahidi wake ulikuwa zile siku alizoonekana kituoni na mbele ya nyumba. Hakimu akasema siku hizo Hazim ameshazitumikia kifungo, na mtu hahukumiwi mara mbili kwa tendo moja. Yaliyotangulia amri, ya barabarani na ya chumba cha giza, hayakuwa na shahidi ila Shurooq mwenyewe, na shahidi mmoja hakutosha.

Wakili wake, Bi Manar, alimpeleka kando ya ukumbi, penye upepo wa kiyoyozi. Alimweleza kwamba kanuni ile ni ya haki, kwamba bila yake serikali ingeweza kumsumbua mtu maisha yake yote kwa kosa moja. Amri ya zuio ilikuwa bado hai. Akifanya jambo jipya, watamshika.

"Kwa hiyo nimngoje," Shurooq alisema.

Manar alilifunga jalada la kesi. Alikuwa mwanamke asiyependa kumpaka mtu asali midomoni. "Ndiyo," alisema. "Na akija, usiwe peke yako."

Nyumbani, bibi yake, Bi Ghanima, alimvua mtandio kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza kichwa pajani. Bibi huyu alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilibaki kilekile alichotoka nacho. "Wamuachia atembee, na wewe ndo ufungwe?" aliuliza. Anas alikaa pembeni, simu mkononi. Alikuwa kijana mpole, mwenye kuumwa na ugomvi wowote, na moyoni mwake bado alimwona rafiki yake kuwa mtu aliyeponzwa na mapenzi.

Jioni hiyo wakakata shauri. Shurooq angeomba uhamisho aende Sur, mji wa pwani, kwa shangazi yao, akafanye kazi kwenye kituo cha huko. Neno hilo lisitoke nje ya nyumba. Maombi yakakubaliwa haraka, na Shurooq akaanza kufunga nguo zake, kidogo kidogo, na katika kufunga huko akajikuta analala usingizi wa kweli. Alianza hata kuwaza bahari, na chumba ambacho dirisha lake angeweza kulifungua.

Jumatano akatoka kwenda soko la wanawake kumnunulia shangazi yake zawadi. Wanaume hawaingii humo, na kwa Shurooq palikuwa mahali pekee mjini ambapo mgongo wake ulipumzika. Alipita kwenye vitambaa, akapita kwenye nguo za watoto, na alipoinama kunusa ubani akasikia jina lake. Aliyeita alikuwa Bi Basma, mamake Hazim, ameketi nyuma ya vikopo vya udi anaoutengeneza mwenyewe kwao Al Qabil, nje ya Ibra.

"Shikamoo," Shurooq alisema. Ulimi ulitangulia kabla ya akili.

"Marahaba." Mwanamke yule alimtazama, si kwa chuki. Alikuwa amekonda tangu siku ya posa. "Nataka kukuuliza kitu, na nakuomba unijibu kwa haki ya Mungu. Ulimkataa mwanangu, sawa. Alifungwa, nikasema sawa, kakosa. Sasa yamekwisha, hakimu kamwachia. Kwa nini unamwita Sur?"

Shurooq alikiweka chini kikopo cha ubani.

"Anasema mmesikizana," Bi Basma aliendelea, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Kapanga chumba huko. Kanionyesha picha, dirisha lake laelekea kituo cha macho. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Hamkusikizana?"

Shurooq alitikisa kichwa tu, na Bi Basma akausoma uso ule mpaka mwisho. Kisha akaanza kufunika vikopo vyake, kimoja baada ya kingine, ingawa soko lilikuwa bado limejaa.

Nyumbani, Anas hakukana kwamba ndiye aliyeitoa siri. Aliketi ukingoni mwa kitanda, karibu na sanduku la dada yake lililokwisha kujaa nusu, akaeleza kwamba Hazim alimpigia simu analia. Alidhani akimwambia kuwa Shurooq anaondoka, atakata tamaa, atapoa, na kila mtu atapumzika. "Nilitaka yaishe," alisema. "Wallahi nilitaka yaishe tu."

Shurooq alikuwa ameyaandaa maneno makali njia nzima. Alipomtazama kaka yake, akaona kwamba hayatamfikia, kwa sababu hata sasa alikuwa akilia kwa ajili ya watu wawili. Akafungua sanduku, akatoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini. Hofu ilikuwa palepale kifuani, haikupungua hata chembe. Ila kwa mara ya kwanza aliona kwamba anaweza kufanya mambo nayo ikiwa ndani, kama mtu anayepika huku mtoto anamlilia mgongoni.

Alimpigia Manar. Wakili alisikiliza, akasema kuhamia mji si kosa. Kupanga chumba mbele ya kazini kwa mtu uliyekatazwa kumkaribia, kwa nia ya kumfuata, hilo lilikuwa tendo jipya, halijahukumiwa na yeyote. Lakini nia ingethibitishwa na nani? Wote wawili walikuwa wanamfikiria mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwomba.

Bi Basma alikuja bila kuombwa. Alimpigia Bi Ghanima, akauliza ofisi ya mwendesha mashtaka iko wapi, na asubuhi iliyofuata Shurooq na Manar wakamkuta kwenye ukumbi, amevaa abaya yake ya Idi. Karani alimuuliza ana uhusiano gani na mtuhumiwa.

"Ndiye mwanangu wa pekee," alisema. Akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, ushahidi wake ulikuwa umeandikwa na macho yake yalikuwa makavu. Manar akabaki kumalizia yake, na Bi Basma akasimama mbele ya Shurooq, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

"Sina wa kunirudisha," alisema. "Mwanangu ndiye anayeniendesha siku zote."

Shurooq akamchukua kwa gari lake. Ibra ikaisha, milima ikasogea mbali na barabara, mashamba ya mitende ya Al Qabil yakaanza kuonekana. Karibu na njia inayoingilia mashambani Bi Basma alimwomba asimame.

"Bado ni mbali, mama. Na jua kali."

"Nyumbani yupo. Wewe usifike."

Alifungua mlango, kisha akakaa vilevile, mguu mmoja chini.

"Utamwambia nini?" Shurooq aliuliza.

"Atataka kujua nimetoka wapi." Bi Basma alishika mlango kwa mikono yote miwili, akajiinua. "Sijawahi kumdanganya mwanangu."

Akaufunga mlango taratibu, akashika njia ya vumbi kati ya mitende, akitembea katikati yake, bila kuharakisha. Shurooq aliacha injini ikinguruma. Akamtazama mpaka abaya nyeusi ikawa doa, na doa likakata kona.