Nafasi ya Jina kwenye Wimbo wa Kinubi

Naliaka alikuwa akichagua programu ya kuandikia muziki wa kinubi, laptopu juu ya meza ya chakula huko Kitengela, babake alipoingia na kuvua viatu. Mzee huyo, Wanjala, alizikwa Bungoma mwaka jana. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa huko, si huu mweusi wetu wa kung'ang'ania. Naliaka akaviweka kando ya mlango, akammiminia chai.

"Hebu tusikie," mzee akasema.

Kwaya ya kanisa ilitaka kuimba wimbo wa mzee sikukuu ya mavuno, na Naliaka alitaka kitu kimoja tu: paandikwe kwamba mtunzi ni Wanjala. Programu ya kwanza ilipiga nyuzi kama askari wa gwaride. Ya pili haikumwachia mpigaji nafasi ya kupumua. Ya tatu ililetwa na Kyule, mwalimu wa kwaya, pamoja na masomo ya video aliyoyatengeneza mwenyewe. Aliisifu mno, na Naliaka akamshuku papo hapo. Nani hukusukumia kitu hivyo bure?

Somo likaanza. Kinubi kikalia, kisha mtu akakohoa.

"Huyo ni mimi," Wanjala akasema, akaweka kikombe chini.

Alipokuwa hai aliupiga wimbo huo nyumbani kwa Kyule, siku Kyule alipoingia nyumba yake mpya. Mpiga kinubi wa kwao akifika ubeti wa tatu husimamisha nyuzi, akamwita mwenye boma kwa jina. Kwenye video nyuzi zilisimama, lakini jina lilikuwa limekatwa. Kimya kilichobaki kilitosha jina moja fupi.

Kyule alipopita jioni hiyo, akamsalimu marehemu kwa mikono miwili. "Mzee, huko mko salama?"

"Salama tu. Wimbo wangu umeufanyaje?"

"Nimeupanga tu kidogo, mzee."

"Umeuiba!" Naliaka akasema.

"Aii, madam, usiseme hivyo. Karatasi za wimbo zishachapishwa." Kisha akaomba sukari.

Jumapili ya mavuno karatasi zilisema: Mtunzi, Kyule. Wanjala aliketi na wanaume wa besi, kinubi mapajani. Ubeti wa tatu ukafika, nyuzi zikasimama. Naliaka akamkazia babake macho. Jitaje, baba, mara hii tu. Lakini mpiga kinubi hajiiti mwenyewe; humwita mwenye boma aliyempigia wimbo. Mzee akakohoa, akaita kwa sauti yake yote:

"Kyule!"

Waumini wakapiga makofi. Kyule akasimama, akainama.